Saa Ianze Kuhesabu Wapi?

Maneno haya niliyasema mjini Tanga mbele ya mawakala wa forodha, madereva wa malori, wazee wa gatini na wanafunzi wa ugavi. Baadhi ya vijana waliyaomba kwa maandishi. Nimeyaandika karibu kama yalivyotoka mdomoni, ila nimepunguza niliyoyarudia, maana mzee akishika maiki huwa haachii.

Mwenyekiti, wazee wangu mlionitangulia, kina mama, na nyie vijana mliojibana huko nyuma karibu na feni: assalaam alaykum, na Bwana asifiwe.

Nimepewa mada ndefu. Nizungumzie jinsi bandari zinavyojiboresha kwa teknolojia ya kidijitali na mitambo ya kujiendesha, na tutajuaje kama zimeboreka kweli. Mimi ni karani wa tali, yaani wa kuhesabu mizigo inayoshushwa melini. Nilianza kazi melini na ubao mmoja na kalamu mbili, nyingine nimeifunga kwa uzi shingoni isije ikaangukia majini. Baadaye nikawa wakala wa forodha, kazi iliyonizeesha. Kwa hiyo somo la kompyuta msilitegemee kwangu. Ninachokijua ni kuhesabu, na nimegundua kwamba hata hao wenye kompyuta, pale penye kuhesabu ndipo wanapokosea.

Mji wetu una msemo wake: waja leo waondoka leo. Wageni wanausema kwa utani wao, sisi kwa wetu. Lakini kuna mgeni mmoja wa Tanga ambaye msemo huu haukumhusu kamwe. Shehena. Huyo alikuja leo, akalala, akaamka, akalala tena.

Nimekuja na daftari. Hili hapa. Jalada limeshakuwa rangi ya chai, na huu ukurasa una doa la mafuta ya mashine. Halikuwa daftari la ofisi. La ofisi niliandika idadi ya magunia, hili langu niliandika saa, kwa sababu ya ubishi na fomani mmoja aliyekuwa akituambia kila siku kwamba tunachelewa kuhesabu. Nikasema haya, ngoja niandike tuone nani anachelewa. Nasoma mistari mitatu, na tishari humo ni lile boti bapa la kubebea shehena kutoka melini:

“Tishari la pili limejaa, limeachana na meli saa 4:10 asubuhi. Limefika gatini saa 4:55. Limeanza kupakuliwa saa 9:20 alasiri.”

Basi. Safari ya majini dakika 45. Kusubiri zamu nyuma ya tishari la kwanza, saa nne na dakika 25. Na makarani wa tali, tuliokuwa tukishutumiwa, tulikuwa tumekaa juu ya magunia tukila mihogo.

Wazee mnaijua sababu, vijana labda hamjaiona kwa macho. Gati letu lilikuwa na kina cha mita 3. Meli kubwa haikaribii maji kama hayo. Ilitia nanga nje huko, kilomita 1.7 kutoka gatini, shehena ikateremshwa kwenye matishari, matishari yakavutwa na tagi, zile boti za kuvutia, kisha kreni ya gatini ikaipakua kwa mara ya pili. Gunia la mbolea lilibebwa mara mbili kabla halijagusa nchi kavu, na kila lilipobebwa kulikuwa na foleni ya kulibeba. Serikali ikaja na Sh429.1 bilioni kwa awamu mbili: Sh172.3 bilioni awamu ya kwanza, mlango wa kuingilia meli ukachimbwa na sehemu ya kugeuzia meli ikapanuliwa, Sh256.8 bilioni awamu ya pili, yakajengwa magati mawili yenye urefu wa mita 450. Kina kimetoka mita 3 hadi 13. Leo meli inakuja kulala ubavuni mwa gati kama ng’ombe zizini. Mimi niliyeandika daftari hili nilipoiona mara ya kwanza nilisimama pale juu Raskazone nikanyamaza kimya.

Sasa sikilizeni vizuri, ugumu unaanzia hapa. Miaka hiyohiyo tuliyokuwa tukichimba bahari, kompyuta nazo zilikuwa zinaingia. Forodha walishahamia TANCIS, mfumo wao wa kompyuta, tangu 2014. Malipo ya serikali yakahamia kwenye kontrol namba, ile namba ya kulipia inayotolewa na kompyuta. Vibali vikaanza kuombwa kwenye dirisha moja la kielektroniki, badala ya kutembea na bahasha kutoka ofisi hii kwenda ile. Kila kitu kimekuja pamoja. Akisimama mtu kesho na kusema shehena Tanga inakaa siku chache kuliko zamani, nitakubaliana naye. Akiongeza kwamba ni kwa sababu ya mifumo ya kidijitali, nitamwomba akae chini kidogo.

Aliyefanya kazi ni nani, kompyuta au kina cha maji?

Swali hili si la ubishi wa barazani. Linaamua fedha inayofuata iende wapi. Kama kina ndicho kilichofanya kazi na sisi tukaipa sifa kompyuta, mwakani tutanunua kompyuta zaidi na kushangaa mbona hazitupi tena matunda yale. Na ukinipa sifa ya kazi nisiyoifanya, mimi nitaipokea. Mashine nayo inaipokea vilevile, haina haya.

Namna ya kuwatenganisha ipo, na haihitaji msomi kutoka ng’ambo. Igaweni safari ya shehena vipande viwili. Kipande cha kwanza ni tangu meli inafika hadi mzigo unagusa gati. Hicho ni cha kina, cha magati na cha kreni. Kipande cha pili ni tangu mzigo unagusa gati hadi lori linatoka getini. Humo ndimo zilimo karatasi, vibali, malipo, ukaguzi, kutafuta kontena lilipo. Kompyuta inafanya kazi hasa katika kipande cha pili. Kikipungua cha kwanza peke yake, kompyuta bado haijatufanyia jambo. Kikipungua cha pili, hapo nami nitapiga makofi.

Na inaweza kupunguza kweli, msinielewe vibaya. Nitawapa mfano wa yadi, kwa sababu watu wengi wanadhani bandari ya kidijitali ni kujaza fomu kwenye skrini. Kontena zinapangwa juu kwa juu, tatu, nne, hata tano. Lori limekuja kuchukua la chini kabisa. Mashine inaondoa la juu, inaliweka pembeni, inaondoa la pili, la tatu, inatoa lako, halafu inayarudisha yale mengine. Mikono saba kwa kontena moja. Kesho mwenye lile lililorudishwa chini naye anakuja, mchezo unaanza upya. Karani mwenye kalamu anajua kontena liko mstari gani. Hawezi kujua kesho nani atakuja kwanza. Programu ya yadi inaweza, kwa sharti kwamba mwenye lori ameweka miadi tangu leo na malipo yake yanaonekana humohumo. Usiku, yadi ikiwa imetulia, makontena ya kesho yanaletwa juu. Asubuhi dereva anaingia, anapakiwa, anatoka. Hapo hatujanunua hata kreni moja mpya. Tumenunua habari tu.

Lakini tazameni sharti lenyewe. Miadi, malipo, kibali na mahali kontena lilipo, vyote vinne lazima visomane. Visiposomana, una kompyuta nne na foleni ileile.

Mtakumbuka Novemba 2015, Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alipoingia bandarini Dar es Salaam akaulizia makontena 349 yaliyotoka bila kulipiwa kodi. Sitaki kurudia nani alikosa, yaliamuliwa kwa wenyewe. Ninachowakumbusha ni mwaka. 2015. Kompyuta zilikuwepo. Aliyeuliza swali alikuwa binadamu, alikuja mwenyewe. Swali la namna ile, yaani kontena limetoka na malipo yake yako wapi, mfumo ulipaswa uliulize wenyewe kila usiku wa manane bila kutumwa na mtu. Bandari ikininunulia mfumo, kitu cha kwanza nitakachouliza ni hicho: unauliza maswali, au unahifadhi majibu tu?

Haya, tuje kwenye saa. Ndiyo niliyoijia.

Mfumo wowote unajipima wenyewe. Unaandika: ombi limepokelewa saa fulani, limejibiwa saa fulani, muda uliotumika ni huu. Mwisho wa mwezi inatoka chati ya rangi, mistari inashuka, wakubwa wanafurahi. Saa ile inaanza kuhesabu lini? Inaanza ombi likishapokelewa. Mimi yaliyonikuta siku moja, na ofisi siitaji wala sitaki mnibananishe nje baadaye, ni haya. Niliketi kibarazani kwangu Chumbageni saa mbili usiku na laptopu ya binti yangu, mezani kuna kahawa na tangawizi. Nina nyaraka saba za kupandisha. Ya kwanza imekubali. Ya pili ikasema faili ni kubwa mno. Nikalipiga picha kwa simu, likawa dogo, likapanda, likarudishwa kwa kuwa halisomeki. Bando likakata. Nikamtuma kijana dukani. Bando limekuja, mtandao uko chini. Saa sita na robo usiku mfumo ukapokea. Asubuhi saa tatu nikajibiwa, tena vizuri, bila tatizo. Nikaambiwa hiyo ndiyo moja ya siku zao bora.

Na wako sawa! Kwa saa yao kazi ilianza usiku wa manane, na ofisi ilipofungua ikajibu mapema. Kwa saa yangu ilianza jioni ya jana, nimekosa usingizi, nimenunua bando mara mbili. Foleni ya dirishani imeondoka kweli, ofisi ile sasa ina viti vya kupumzikia na mmea. Foleni imehamia kibarazani kwangu, na huku hakuna anayeihesabu. (Asubuhi ileile, nikwambieni na hili, niliambiwa nipeleke nakala tatu zilizochapwa, zigongwe mhuri. Nilipouliza kwa nini, niliambiwa za kumbukumbu.)

Kwa hiyo mtu akitaka kuipima bandari ya kidijitali, saa isiwe ya mfumo. Iwe ya mwenye mzigo. Ianze anaposema “nataka kutoa mzigo wangu” na isimame lori linapopita geti. Yote yaliyo katikati, ya mtandao, ya bando, ya mhuri, ya dereva kulala chini ya trela, yamo.

Na msije mkaletewa wastani. Chukueni kontena kumi. Tisa yametoka kila moja kwa siku tatu, la kumi limekaa siku 43. Jumlisheni: 27 na 43 ni 70, gawanya kwa kumi, wastani siku saba. Nionyesheni kontena lililokaa siku saba. Halipo. Wapo watu tisa wanaofurahi na mmoja aliyefilisika kwa storeji na dimareji, yaani tozo za kuchelewesha mzigo na kontena, na chati inasema wote wako vizuri kiasi. Mfanyabiashara hapangi bajeti kwa wastani, anapanga kwa hofu. Akijua mzigo utatoka ndani ya siku tano bila kukosa, ataagiza. Akiambiwa ni tatu lakini huenda ikawa 40, atapitishia Mombasa. Ningekuwa na mamlaka, ningeamuru ripoti ya bandari ianze na yule wa kumi. Jina lake lisitajwe, sababu yake itajwe.

Sasa mitambo ya kujiendesha. Najua vijana mlikuja kwa hili, mmeona video za Uchina.

Haikuanza jana. Rotterdam, mwaka 1993, gati la Delta lilianza kutumia magari yasiyo na dereva kubeba kontena kutoka kwenye kreni kwenda yadi. Hamburg wakafuata 2002 pale Altenwerder. Uchina wakafungua Qingdao 2017, na mwishoni mwa mwaka huohuo Shanghai wakafungua awamu ya nne ya Yangshan. Singapore walizindua rasmi Tuas 2022, na ikikamilika inatarajiwa kubeba kontena milioni 65 za futi 20 kwa mwaka. Ukizitazama, ni kama mji wa majini, hakuna mtu, vyuma vinapishana kimya. Hata mimi napenda.

Lakini walioyafanya wamekwisha kuhesabu, na hesabu yao haifanani na video. Kampuni ya ushauri ya McKinsey ilitoa matokeo yake 2018 baada ya kuwauliza wenye bandari. Walitarajia gharama za uendeshaji zishuke kwa asilimia 25 hadi 55. Zilishuka kwa 15 hadi 35. Si mbaya. Walitarajia ufanisi wa kazi upande kwa asilimia 10 hadi 35. Ukashuka, kwa asilimia 7 hadi 15. Miaka mitatu baadaye Jukwaa la Kimataifa la Usafiri nalo likaandika kwamba kwa ujumla bandari za kujiendesha hazizidi zile za kawaida kwa wepesi.

Inakuwaje mashine isiyochoka, isiyokunywa chai, iwe nyuma ya binadamu? Aliyewahi kuendesha kreni anajua. Mashine ni hodari wa jambo linalojirudia. Kontena limekaa vibaya sentimita chache, kufuli moja halijafunguka, upepo umevuma, inasimama na kumwita mtu. Binadamu anasogeza mkono kidogo anaendelea. Na ujira unaookolewa Rotterdam si ujira wa Tanga. Kule kumwondoa dereva mmoja ni kuondoa mshahara mkubwa, mashine inajilipa. Hapa nitanunua mtambo kwa dola, kwa mkopo, spea zake zije kwa ndege, nimwondoe mtu anayelipwa kwa shilingi. Hesabu hiyo hata mtoto wa darasa la nne hapo Mabawa ataikataa.

Kisha tazameni gati letu linashusha nini. Kontena, ndiyo. Lakini pia klinka ya kutengenezea saruji, mbolea, magari, mabomba. Mitambo ya kujiendesha inapenda masanduku yanayofanana, maelfu kwa maelfu kila siku. Mzigo wa Tanga ni kama ndoa ya Kidigo, kila mtu kaja na cha kwake.

Lipo jambo moja ambalo ningelibadilisha kesho asubuhi, nalo ni karani kusimama chini ya mzigo. Nimesimama hapo miaka. Nilimwona mwenzangu akipoteza vidole viwili kwa kishikizo cha winchi wakati akiinama kusoma namba. Namba ya kontena ni herufi nne na tarakimu saba, na ile ya mwisho ni ya kuhakiki zilizotangulia: kamera inaisoma kontena likiwa hewani, na ikikosea tarakimu moja, karibu kila mara hesabu inakataa. Kamera za namna hiyo getini na kwenye kreni hazina gharama ya Rotterdam, na zinaacha vidole vya watu mahali pake. Kama hiyo itaitwa otomatiki, mimi naiunga mkono kwa mikono miwili, nashukuru nimebaki nayo.

Nitasema kidogo juu ya siku mfumo unapozimika. Kidogo tu, lakini naona wanaopima bandari wanaisahau kabisa siku hiyo.

Tarehe 27 Juni 2017 kirusi cha kompyuta kiitwacho NotPetya kilitoka Ukraine kikaingia kampuni ya meli ya Maersk, moja ya kubwa kuliko zote duniani. Magati yake 17 kati ya 76 yakasimama. Malori yakapanga foleni mageti hayafunguki, kwa sababu geti lilikuwa linasubiri ruhusa ya kompyuta iliyokufa. Iliwabidi wasimike upya kompyuta 45,000 na seva 4,000, na hasara ikafika mamia ya mamilioni ya dola. Sasa sikieni lililowaokoa. Ile orodha kuu ya mtandao wao, inayowatambua watumiaji wote, ilikuwa na nakala dunia nzima, na zote zilifutika. Ikabaki moja. Iko Ghana. Imebaki kwa sababu kabla ya shambulio umeme ulikuwa umekatika, mashine imezimika, kirusi kikapita bila kuikuta. Mfanyakazi wa Ghana hakuwa na viza ya Uingereza, ikabidi diski ile ibebwe kwa ndege hadi Nigeria, akabidhiwe mwenzake uwanjani, ndipo ifike London.

Naona mnacheka. Chekeni, ni yetu sisi watu wa giza la ghafla. Lakini huwezi kupanga bandari kwa kutegemea bahati ya Ghana. Afrika Kusini, Julai 2021, Transnet walishambuliwa, bandari ya Durban na nyingine zikasimama siku kadhaa. Australia, Novemba 2023, magati ya DP World yakafungwa siku tatu, kontena takriban 30,000 zikakwama. Na Antwerp, kuanzia 2011, wauza dawa za kulevya hawakuizima mifumo. Waliingia kimya, wakaiba namba za siri za kutolea kontena, wakatuma lori lao kabla ya mwenye mzigo. Mfumo ulikuwa unafanya kazi barabara siku zote hizo. Chati ilikuwa nzuri.

Kwa hiyo mnapoipima bandari, muipime na siku yake mbaya. Mtandao ukiwa chini, je, geti linafunguka? Nani ana orodha ya jana usiku mkononi? Ningependa kila baada ya miezi mitatu iwepo siku moja ya kalamu, ya makusudi, tangu alfajiri hadi adhuhuri, bandari iendeshwe kwa karatasi. Watu wataudhika. Lakini siku hiyohiyo mtajua makarani wangapi wamebaki wanaojua kuandika tali. Mimi nahesabu na nafikia watatu, na mmoja ni mimi.

Limebaki la nahodha. Kuna rafiki yangu wa majahazi, hupeleka saruji na mahindi Pemba. Ana simu ya kitochi, betri inashika siku nne, hataki nyingine. IMO, Shirika la Kimataifa la Bahari, limelazimisha nchi wanachama wa mkataba wake wa wepesi wa safari za bahari kuwa na dirisha moja la kielektroniki kuanzia 1 Januari 2024, meli itoe taarifa mara moja na zote zipite humo. Jambo zuri. Meli ya mita 200 ina wakala mjini, ina ofisa, ina setilaiti. Rafiki yangu ana tanga la jahazi, mabaharia sita na simu yake ya kitochi. Likija agizo la kidijitali kwa vyombo vidogo, nani atamjazia? Kijana fulani nje ya geti, kwa Sh5,000. Basi tutakuwa tumemwondoa karani wa dirishani ambaye mwenye chombo hakumlipa kitu, tukamweka karani wa mtaani anayelipwa na maskini. Hiyo nayo iandikwe kwenye ripoti ya maboresho, kwenye upande wa gharama.

Na kwa kuwa nimesema habari za nje ya geti, kina mama wanaouza chakula pale wamenituma niseme: malori yakisubiri saa mbili badala ya siku mbili, wali wao utaliwa na nani? Nilicheka walipouliza, halafu nikakosa jibu. Bado sina. Mwenyekiti akilipata anisaidie.

Kuna miradi mikubwa ilivunjika kwa kutopima vitu vidogo kama hivi. Maersk hao hao, pamoja na IBM, walizindua 2018 jukwaa la TradeLens, nyaraka zote za meli duniani zikae mahali pamoja, kwa teknolojia ya kisasa kabisa. Novemba 2022 wakatangaza wanalifunga. Teknolojia haikuwa na ubaya. Walishindwa kuwapata wenzao wote wajiunge, kwani nani apeleke siri za wateja wake kwenye daftari la mshindani? Ukisoma habari ile unaona hata wakubwa wale walinunua daftari kwanza ndipo wakaenda kutafuta watakaoandika.

Mwenyekiti anatazama saa yake, nimeelewa.

Nilichokuja kuomba ni hiki. Hatuna takwimu za kabla. Kina kimeshachimbwa, magati yameshajengwa, mifumo mingine iko njiani, na hakuna aliyesimama getini kuandika lori limeingia saa ngapi na limetoka saa ngapi, kwa saa ya dereva, kwa muda wa kutosha. Mwakani mfumo mpya ukiingia tutaulizwa umesaidia? Tutajibu kwa hisia. Kwa hiyo wanafunzi wa ugavi, nimeongea na walimu wenu. Wiki ijayo Jumatatu, saa 12 asubuhi, tukutane nje ya geti, upande wa kivulini. Zamu mbili, watu wanne kila zamu, wiki sita. Mtaandika namba ya lori, saa ya kufika, saa ya kuingia, saa ya kutoka, na mtamwuliza dereva swali moja tu: mwenye mzigo alianza lini kuhangaikia mzigo huu? Jina la mtu hatuandiki. Madereva mliopo humu, naomba mkiulizwa msiwafukuze watoto.

Daftari nitanunua mimi. Kalamu kila mtu aje na yake, na afunge uzi.